Kupe, Okidi na Mugumo

Kati ya matusi yote ambayo mtu wa miaka ishirini na kitu anaweza kutupiwa hapa Kenya, sijaona linalouma kama kupe. Mwizi angalau amekesha akifanya kazi. Mlevi ana sababu zake, hata kama ziko ndani ya chupa. Kupe hana utetezi. Amejibandika kwa ng'ombe wa mtu, anakunywa, ananenepa, na siku ng'ombe akianguka anatafuta mwingine.

Nimeitwa hivyo mara tatu, nikihesabu zile za wazi tu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipoisha na hamu pia ikawa imeisha, na tangu hapo naandika: makala huku, maelezo ya bidhaa za watu kule, mara mojamoja hadithi inayolipwa kwa "asante sana". Naishi Ruiru kwa dada yangu mkubwa, chumba kimoja na sebule, upande ule wa ndani ambako lami imeahidiwa kila uchaguzi. Nalala kwa kochi. Mjomba mmoja aliniuliza mbele ya watu, kwenye harusi, nitanyonya damu ya huyo msichana mpaka lini. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu nilikuwa na sahani ya pilau mkononi na si yangu.

Lakini swali la mjomba ni swali zuri, ukiliondolea kejeli. Unajuaje kama unamnyonya mtu? Kula chakula cha mtu hakutoshi kuwa ushahidi. Kila mtoto hula chakula cha mtu. Kukosa mshahara hakutoshi pia. Mama zetu wengi hawajawahi kuwa na mshahara na hakuna mwenye akili anayewaita kupe.

Neno lenyewe lina historia ya ajabu kidogo. Tanzania ya miaka ya Azimio la Arusha, 1967 kuendelea, kupe na mnyonyaji yalikuwa maneno ya kuwarushia walio juu: mabepari, wenye nyumba za kupangisha, watu waliosemekana kuwa na mirija ya kufyonza jasho la wengine. Nyerere mwenyewe, katika maandishi yake ya 1962 kuhusu Ujamaa, alikumbusha ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kufika 1983 kukawa na sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi, na Dar es Salaam vijana wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi wakakamatwa na kupelekwa mashambani. Yaani neno liliteremka ngazi. Lilianza kwa mwenye nyumba, likaishia kwa kijana aliyesimama kando ya barabara. Hapa kwetu, sijawahi kusikia mtu akimwita landilodi kupe, labda usiku sana na kwa sauti ya chini.

Nimeyawaza haya kwa miezi, na aliyenisaidia kuyapanga ni mzee wa maua.

Anakaa nje kidogo ya Thika, na ukimpigia simu mapema anakutembeza kwenye okidi zake kwa shilingi mia mbili. Nilienda kwa sababu kuna mtu alitaka maneno mia tatu kuhusu "mahali pa kwenda wikendi bila kuvunja benki". Tulikuwa sita: wapenzi wawili kutoka Kahawa waliokuja kupigwa picha, wasichana watatu wa chuo, na mimi na kijitabu changu. Kila mtu alimwita guka, naye hakukataa.

Bustani yake si kubwa. Ni robo ekari hivi, neti nyeusi imefungwa juu kupunguza jua, na chini yake magogo, vipande vya magome na matawi yaliyokauka yananing'inia kwa waya kama nyama buchani. Kwenye kila kipande kuna okidi. Udongo hakuna. Hilo ndilo linalokushika kwanza. Unatafuta chungu, unatafuta mchanga, unaona mizizi tu, minene na myeupe kama uzi wa sufi, imekumbatia mti uliokufa.

Guka alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Ruiru. Kama hujui, Ruiru ni kahawa kabla ya kuwa maghorofa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko huko, na mbegu inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa 1985 ili kuhimili ugonjwa wa chulebuni, imebeba jina la mji wetu hadi kwa wakulima ambao hawatawahi kufika kwa steji yetu. Sasa kahawa inang'olewa. Tatu City imesimama kwenye ardhi iliyokuwa kahawa, na ploti nyingi ndogondogo ambazo hazina jina la kuvutia zimesimama kwenye ardhi kama hiyo. Mikahawa ikitoka, miti ya kivuli nayo hukatwa. Guka alikuwa akiwafuata watu wa msumeno na gunia. Wao walitaka mbao na kuni, yeye alitaka kilichokuwa kimekaa juu.

"Mti ukiwa chini," alituambia, "hii yote inaoza. Hakuna mtu anaiona. Wanaikanyaga."

Msichana mmoja wa chuo akauliza swali ambalo nilikuwa nalo mdomoni: "Lakini guka, si hizi ndizo zinaua miti? Si zinanyonya?"

Mzee alicheka kama mtu aliyesubiri mpira ukipigwa upande wake. Akachukua kipande cha gome, akaingiza kucha chini ya mzizi mmoja na kuuinua taratibu. Ulitoka mzima. Gome chini yake lilikuwa kavu, halina shimo wala kidonda. Mzizi ulikuwa umeshika tu, vile mtu anavyoshika chuma cha matatu iliyojaa.

Mzizi wa okidi ya mtini, kwa nje, umevaa tabaka kama sponji. Mvua ikinyesha, sponji hiyo hunywa maji yanayoteremka kwenye gome, pamoja na chembe za vumbi na majani yaliyooza. Maji yakiisha, mmea unasubiri. Nyingi hufungua vinyweleo vya majani usiku badala ya mchana ili zisikauke. Chakula zinajipikia zenyewe kwa jua. Mti unazipa kitu kimoja tu, nacho ni mahali, karibu na mwanga.

Halafu akatutoa nje ya neti, akatuonyesha mparachichi wa jirani. Juu yake kulikuwa na kichaka cha kijani tofauti, chenye maua mekundu mazuri tu, ambayo wale wapenzi wa Kahawa walikuwa tayari wameshayapiga picha. Huyo, alisema guka, ndiye mnyonyaji. Mbegu yake huletwa na ndege, hunata kwa tawi, kisha hutoboa gome na kuingiza kitu kama sindano hadi kwenye mishipa ya maji ya mti. Tawi lile litadhoofika. Lakini kwa mbali, mtu wa kawaida akiangalia hiyo na okidi, ataona kitu kilekile: mmea umepanda juu ya mgongo wa mwingine.

Nitakubali kwamba hapo nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeshaanza kumjibu mjomba kichwani. Sinyonyi mimi, nimeshika tu. Najipikia mwenyewe. Dada amenipa mahali karibu na mwanga.

Shida ni kwamba okidi si malaika, na mzee hakutuficha. Tunda lake moja huweza kuwa na maelfu ya mbegu, wakati mwingine mamilioni, ndogo kama vumbi. Ni ndogo hivyo kwa sababu hazijabeba chakula. Harage lina akiba yake ndani. Mbegu ya okidi haina kitu. Ili iote, lazima ikutane na kuvu ya aina inayofaa, na mwanzo wa maisha yake yote huishi kwa kula kutoka kwa kuvu hiyo. Mfaransa Noël Bernard aligundua jambo hili mwaka 1899, baada ya watu wa Ulaya kuhangaika muda mrefu kwa nini mbegu zao ghali zilikataa kuota. Kwa hiyo kuna mtu ananyonywa, isipokuwa si mti. Ni yule mdogo asiyeonekana, ambaye hakuna anayemtaja kwenye ziara. Na inakadiriwa kwamba karibu theluthi ya okidi duniani hudanganya wadudu: ua linaahidi asali, mdudu anaingia, anabeba poleni, anatoka bila kulipwa. Kama mwandishi wa kujitegemea, hilo la mwisho nililielewa haraka.

Kuna jambo lingine lililonivuruga zaidi, na hilo halikuwa bustanini. Wakati wa kurudi nilipita Thika mjini, pale Mugumo Gardens. Wasomaji wa upande huu wanaijua hadithi: mtabiri Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege, alisema mugumo uliokuwa hapo ukianguka, utawala wa Mwingereza utakuwa umefika mwisho. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia chuma ili usianguke. Ukaanguka 1963. Mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa sala na sadaka. Haukatwi ovyo.

Sasa angalia mugumo unavyoanza maisha. Wakati mwingine hupandwa, ndiyo. Lakini mara nyingi ndege huacha mbegu kwenye panda la mti mwingine, na mugumo huota huko juu kama okidi vile, bila kumtoboa mwenyeji. Mgeni mpole kabisa. Kisha unashusha mizizi. Ikigusa ardhi inanenepa, inamzunguka mwenyeji, inashikana yenyewe kwa yenyewe, na baada ya miaka mingi mwenyeji aliye katikati hufa kwa kubanwa na kunyimwa mwanga. Anaoza, na ule mgeni unabaki umesimama na jina takatifu.

Sisemi hivyo kudharau mugumo. Nasema tu kwamba sisi watu tumeita mnyonyaji kile kisichonyonya, na tukasalia chini ya kile kilichomuua aliyekibeba, na sababu naiona ni moja: mugumo ulifaulu. Ulifika ardhini. Mtu akishakuwa mkubwa hakuna anayeuliza alisimama juu ya nani. Wale wajomba wanaotupa neno kupe, baadhi yao walisomeshwa kwa mshahara wa ndugu ambaye mwenyewe aliacha shule darasa la saba. Hakuna harusi ambayo nimesikia ndugu huyo akitajwa.

Kwa hiyo kipimo ni gani? Si kama umemkalia mtu, maana wote tumekaliana. Si kama utafanikiwa baadaye, maana mugumo umefanikiwa. Nilidhani kipimo ni kutotoboa gome: usichukue kilicho ndani ya mwenzako, usiguse akiba yake, usimwibie usingizi. Hicho kipimo nakifaulu. Nalipa stima na intaneti. Napika. Kodi ni elfu kumi na moja na ninapopata kazi nzuri natoa nusu.

Lakini kabla hatujaondoka, yule msichana wa chuo, ambaye naamini atakuwa wakili mzuri, alikuwa amemuuliza guka kama basi okidi haina madhara yoyote kwa mti. Mzee akafikiri. Akasema iko moja. Zikiwa nyingi kwenye tawi moja, na majani yanayooza yakijikusanya kwenye mizizi yao, na mvua ya Aprili ikanyesha siku tatu, tawi huvunjika. "Si kwa kunyonywa," alisema. "Ni uzito tu."

Hilo lilinifuata hadi Ruiru. Dada yangu, kwa muda wa wiki nne, alikuwa na barua kwenye simu yake kutoka kwa watu wa ajira: kazi ya keshia Doha, mkataba wa miaka miwili. Nilijua ipo kwa sababu aliiacha wazi siku moja. Hakuwahi kuitaja. Na mimi sikuwa nimetaja kwamba nimeiona. Nilikuwa nimejiambia ni mambo yake, nisimwingilie, na kujiambia hivyo kulinifaa sana, kwa kuwa ilimaanisha nyumba inabaki pale ilipo. Sikuwa nimechukua hata shilingi yake. Nilikuwa nimekaa tu kwenye tawi.

Mti hauwezi kuulizwa. Hiyo ndiyo tofauti moja kati ya miti na dada, na mtu anaweza kuishi mwaka mzima kwenye kochi bila kuitumia.

Usiku huo nilipika ugali na sukuma, nikamuuliza. Kama si mimi, ungekuwa umeshaenda?

Alinyamaza kwa muda, akamega tonge, akaliacha kwenye sahani.

"Siwezi kukuambia ndiyo," alisema, "na siwezi kukuambia hapana. Wewe si mzigo. Ukitoka hapa hii nyumba itakuwa kimya sana. Lakini hakuna mtu amewahi kuniuliza kama nimechoka, unaelewa? Hata mama. Wote wanauliza wewe utakuwa wapi."

"Umechoka?"

"Nimechoka."

Tukala. Jirani alikuwa anasikiliza mechi kwa sauti ya juu. Baadaye, akiosha vyombo ambavyo ilikuwa zamu yangu kuosha, aliniambia bila kugeuka kwamba mahojiano ni Alhamisi, Westlands, saa tatu asubuhi, na kama atapita nianze kutafuta mahali pa kuweka hilo kochi, kwa sababu ni la kwake na haliuzi.