Kumsadiki Mgonjwa

Yako maradhi ambayo kila mwenye macho huyaona: jeraha, upele, mguu uliovunjika. Na yako mengine yasiyo na shahidi ila yule mwenye nayo. Mas'ala yetu ya leo ni haya: mgonjwa akisema anaumwa, na vipimo vikasema hana kitu, ni haki kumkadhibisha?

Tuna jamaa yetu, mzawa wa Mombasa, akaaye Donholm huko Nairobi. Alishikwa na korona mwaka 2020, akapona, kama tulivyodhani. Miezi ikapita, naye hawezi kupanda ngazi hadi kwake orofa ya tatu bila ya kukaa njiani. Akifanya kazi siku moja hulala siku mbili. Na akianza maneno husahau mwisho wake. Akaenda kwa tabibu wa kifua, akapelekwa kwa wa moyo, kisha kwa wa mishipa ya fahamu. Kila mlango alilipa, na kila mlango aliambiwa, "Huna kitu." Msikitini akawa husali juu ya kiti, watu wakanong'ona kuwa ni mvivu. Nasi, twakiri, tulikuwa miongoni mwa walionong'ona.

Baadaye tukajua kuwa maradhi haya yana jina, wala jina hilo halikutolewa na matabibu. Walilitoa wagonjwa wenyewe mwaka 2020, walipokuwa wakipeana khabari za hali zao: wakayaita korona ya muda mrefu. Shirika la Afya Duniani likayawekea maelezo yake Oktoba 2021.

Uingereza ilianza kufungua kliniki makhsusi za wagonjwa hawa mwishoni mwa mwaka 2020. Walioziendea hawasemi khabari moja. Wako waliongoja miezi mingi, kisha wakapewa karatasi za nasaha tu. Na dawa ya kuyaondoa maradhi yenyewe haijapatikana. Wako waliofunzwa kuzipima nguvu zao na kupumzika kabla ya kuchoka, maana wengi wao wakijikaza huzidi kudhoofika. Na wako waliosema kuwa faida ya kwanza waliyoipata ni kusadikiwa.

Huenda msomaji akasema: "Wadanganyifu ni wengi, tukimsadiki kila mtu, wavivu watajificha nyuma ya maradhi." Jawabu yetu ni kuwa Sharia imemruhusu asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, wala haikumtaka alete shahidi, imemwachia amana yake, na hisabu yake iko kwa Mola wake. Mwongo akisadikiwa, hasara yetu msikitini ni kiti kimoja. Mkweli akikadhibishwa, hupotewa na kazi, heshima na ndugu. Kisha humwendea muuza dawa za uwongo, kwa kuwa huyo ndiye peke yake aliyemsikiliza.

Wala kumsadiki mgonjwa si kukubali kila asemalo juu ya sababu ya maradhi yake. Maumivu ayajua yeye. Sababu yatafutwa na wenye elimu. Tabibu mwenye insafu husema, "Sijaona," wala hasemi, "Hakuna". Kwani kipimo hujibu lile tu kilichoulizwa.

Kliniki makhsusi hatuwezi kuijenga sisi leo. Lakini ile faida ya kwanza haihitaji jengo wala fedha. Basi tumwendee jamaa yetu, tuzipande ngazi zile, tumtake radhi.