Mtafiti wa Miezi Michache, Utoto wa Miaka Kumi na Minane

Vyuo vikuu vinatangaza sana kazi za namna hii siku hizi: mtafiti msaidizi, mkataba wa muda mfupi, mradi wa kuchunguza jinsi utoto unavyobadilika mijini. Fedha ni za mfadhili, zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na ripoti inasubiriwa. Niliwahi kuifanya kazi hiyo Dar es Salaam, nikiwa nimetoka masomoni si zamani, na tangu hapo nina swali ambalo halijaniacha: mtu anayepita anaweza kumjua mtoto kwa kiasi gani, na akiondoka anamwachia nini?

Mwanzo wa mkataba huliwa na vibali. Barua ya chuo inakwenda Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ikitoka huko inakwenda mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa, naye anakukabidhi kwa mjumbe wa shina akutembeze nyumba kwa nyumba. Sina kinyongo na mzunguko huo. Wanaohojiwa ni watoto, na haifai mtu yeyote mwenye daftari awafikie hivi hivi. Mzazi anatia saini fomu ya ridhaa, halafu mtoto mwenyewe anaulizwa kama anataka, na akisema hataki, basi, hata kama baba yake ameshasaini. Sharti hilo nililipenda kuliko yote. Kuna watoto waliogeuka kumtazama mama kwanza, kwa kuwa hawakuzoea mtu mzima awaulize "unataka?" kisha anyamaze asubiri jibu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchora. Tuliwapa karatasi za manila na kalamu za rangi, tukawaambia wachore mtaa wao: wanapolala, wanapocheza, wanapopaogopa. Binti mmoja wa darasa la nne, wa Manzese, aliijaza karatasi mpaka pembeni. Alichora bomba la maji, genge la mama anayeuza nyanya, banda la kuonyeshea mpira, msikiti, mtaro usiofunikwa, nyumba ya bibi asiyependa kelele, na kichochoro alichokipaka nyekundu kwa sababu jioni hukaa vijana wavuta bangi. Vyote aliviunganisha kwa njia. Ungeichukua karatasi ile ukashuka kituoni, ungefika kwao bila kuuliza mtu. Mvulana wa rika lake, anayeishi nyumba ya geti upande wa Mikocheni, alichora nyumba, gari, shule na supamaketi. Kila kimoja kilichorwa kwa uangalifu mkubwa, hata madirisha aliyahesabu, lakini kati ya kimoja na kingine karatasi ilibaki nyeupe. Nikamuuliza hapa katikati kuna nini. Akanijibu kwa upole kwamba hapo huwa amelala, maana gari la shule humpitia saa kumi na moja alfajiri.

Mwanasosholojia wa Ujerumani, Helga Zeiher, aliueleza utoto wa aina hiyo miongo kadhaa iliyopita. Alisema mtoto wa mjini anaishi kwenye visiwa, na mtu mzima ndiye anayemvusha kutoka kimoja kwenda kingine. Uingereza, mtafiti Mayer Hillman na wenzake waliupima mwendo wenyewe: mwaka 1971 watoto wanane kati ya kumi wa miaka saba na minane walikwenda shuleni bila mtu mzima, kufikia 1990 walikuwa wamebaki asilimia 9. Hoja yao ilikuwa nzito. Barabara hazikuwa zimetulia, ila wazazi walikuwa wamewaondoa watoto barabarani. Hapa kwetu pia, ukisimama pembeni ya Barabara ya Morogoro saa za kutoka shule, ukawaona wanafunzi wakikimbia kati ya bodaboda na daladala, huwezi kumlaumu mzazi mwenye uwezo anayelipia gari. Tatizo ni kwamba kila anayemwondoa mwanawe anaongeza gari moja barabarani, na anayebaki anatembea ni mtoto wa asiye na uwezo, aliye peke yake zaidi kuliko jana.

Jiji nalo limejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 4.36, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na katika ramani za mipango miji maeneo ya wazi yalitengwa. Tembea leo uyatafute. Utakuta fremu za maduka, utakuta gereji, utakuta baa. Kombolela inahitaji mahali pa kujificha na mahali pa kukimbilia. Chandimu inahitaji upana, na rede inahitaji mtaa ambao gari likipita ni tukio. Michezo hiyo watoto bado wanaijua, nami nimewaona wakiicheza kwenye korido ya nyumba ya kupanga, wakinong'ona ili wapangaji wasilalamike. Kombolela ya kunong'ona! Iliniuma, na bado inaniuma.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani ninahukumu kwa ukubwa wa viwanja. Miaka hiyo hiyo ya 1970, mtaalamu wa mipango miji Kevin Lynch aliongoza mradi chini ya UNESCO uliowauliza vijana wadogo kuhusu maeneo wanayokulia nchini Argentina, Australia, Meksiko na Poland. Waliokulia kitongoji cha Melbourne chenye nyasi na viwanja walilalamika kwamba wanachoka kwa kukosa la kufanya. Waliokulia kitongoji cha kipato kidogo huko Salta, Argentina, walipasifia kwao na walikuwa na matumaini. Mtoto anahitaji mahali pa kukimbia, na anahitaji pia watu wanaomtambua akipita.

Na hapo ndipo nilipopata jambo ambalo halikuwa kwenye dodoso letu. Nilizoea kuwauliza watoto, mwisho wa mazungumzo, ni mtu mzima gani asiye wa nyumbani kwao anayewajua kwa jina. Wengi walikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lilikuwa la mtu aliyekwisha kuondoka. Dada wa kazi alikwenda kwao sikukuu, hakurudi. Mwalimu wa tuisheni alipata ajira mkoani. Mama wa chumba cha pili kodi yake ya miezi sita iliisha, mwenye nyumba akapandisha, akahama na watoto wake watatu waliokuwa timu nzima ya rede. Kwa wenye geti na kwa wasio na geti, hadithi ilikuwa ile ile. Tunasema mtoto wa mwenzio ni wako, nasi tulilelewa hivyo, na mtu yeyote wa mtaa aliweza kukurudisha nyumbani kwa sikio. Lakini msemo huo una sharti ambalo hatukuwa na haja ya kulitaja zamani: mwenzio awe bado yupo mwakani. Watoto wa jiji leo wanazungukwa na watu wazima wa mkataba mfupi. Nami nilikuwa naongeza mmoja.

Naandika haya bila kudharau utafiti. Nauamini. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na anayetaka kujua utoto unavyobadilika lazima afuate angalau sehemu ya miaka hiyo. Inawezekana. Soweto na Johannesburg, mwaka 1990, wiki chache baada ya Mandela kutoka gerezani, watafiti walianza kuwaandikisha watoto wachanga zaidi ya 3,000 katika utafiti wa Birth to Twenty, wakawafuata wakikua hadi kuwa watu wazima. Watu wakawaita watoto wa Mandela. Utafiti wa Young Lives uliwafuata watoto 12,000 wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam kwa zaidi ya miaka 15. Hata ule mradi wa Lynch ulifufuliwa miaka ya 1990 na Louise Chawla, na watafiti wakarudi Melbourne na Warsaw, mahali pale pale, kuwauliza vijana wa kizazi kilichofuata. Kurudi huko ndiko kulikoonyesha mabadiliko. Ukipita mara moja, unapata picha tu.

Kwa kweli mtafiti halisi wa Manzese alikuwepo tangu mwanzo. Ni yule mama mjumbe wa shina aliyekuwa akinitembeza, mwenye wajukuu mtaani na kadi za kliniki za nusu ya watoto wa shina lake kichwani. Alikaa nasi kwenye mkeka kila tulipochora. Baada ya muda alikuwa anauliza maswali mazuri kuliko yangu, kwa sababu alijua nani amekosa shule juzi na nani amehamia kwa shangazi. Kichochoro chekundu alikiona katika karatasi ya binti yule, kisha katika karatasi nyingine, na nyingine. Aliomba nakala. Akazipeleka kwenye mkutano wa mtaa, akazibandika ukutani kwa gundi, akawaambia wanaume waliokaa mbele wazisome. Walizisoma. Ulinzi shirikishi ukapangiwa kupita hapo jioni, na mwenye banda la mpira akakubali kuweka taa upande wa nyuma. Ripoti yetu ilikuwa bado haijaandikwa ukurasa wa kwanza.

Yeye alilipwa posho ya siku, ile ya maji na nauli. Bajeti haikuwa na fungu la mtu kama yeye. Ilikuwa na fungu la safari, la warsha, la vifaa na la mtafiti msaidizi. Nawaomba wakuu wa idara na wafadhili wanaosoma hapa walifungue fungu hilo. Mjumbe, mwalimu wa darasa la pili, mama lishe wa mbele ya geti la shule: mmoja wao aandikwe kama mtafiti, afundishwe kazi, alipwe kila mwezi, akusanye michoro ya watoto wale wale mwaka hadi mwaka, na nakala moja ikae ofisi ya serikali ya mtaa kabla nyingine haijakwenda chuoni. Kijana wa chuo aje, ajifunze, aende zake. Ni haki yake pia kutafuta maisha. Lakini mkataba mrefu apewe anayebaki.