Kijana Mwenye Msimamo na Kiapo cha Askari

Mama mmoja wa usharika wetu hapa Tunduma alikuja ofisini kuomba barua. Binti yake, mwenye miaka 19, alikuwa ameamua kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa kujitolea, akitumaini kwamba kutoka JKT atapata nafasi ya kuandikishwa katika Jeshi la Wananchi. Alitaka kanisa limshuhudie tabia. Tulipochukua kalamu, mama akatuzuia. "Baba Mchungaji, naomba usiandike kwamba ni mtii. Utakuwa umedanganya, nami sitaki mwanangu aondoke nyumbani na barua ya uongo. Wewe mwenyewe unamjua."

Tunamjua. Katika darasa la kipaimara, tulipokuwa tukifundisha habari za toba ya Daudi, ndiye aliyenyoosha mkono akauliza: "Daudi alisamehewa. Na Uria je, yeye alirudishiwa nini?" Darasa zima likanyamaza. Tukamwambia akae, muda umekwisha. Muda ulikuwa haujaisha.

Barua ile tulikaa nayo siku nne. Swali lililotuzuia si la binti huyu peke yake, maana kila mwaka vijana wa sharika zetu, kuanzia Tunduma na Mpemba hadi Vwawa na Mlowo, huomba nafasi za jeshi. Je, mtu mwenye msimamo wake, asiyekubali jambo mpaka alielewe, anafaa kuwa askari? Na sisi tuliomlea tumwambie nini?

Wengi hujibu upesi kwamba hafai, atateseka bure. Wengine husema aende, lakini kwa sababu mbaya: "Mpelekeni jeshini akanyooshwe." Maneno haya tumeyasikia hata katika ukumbi wa kanisa, baba akimzungumzia mwanawe kama bati lililopinda. Jeshi si karakana ya kunyooshea watoto waliotushinda wenyewe. Kijana aliyepelekwa kwa sababu hiyo huenda na kinyongo, na kinyongo kikipewa bunduki ni hatari.

Tukiri pia kwamba mji wetu hauzai watu wa kuitikia tu. Mtoto wa Tunduma hukua akiona Nakonde ng'ambo ya mpaka, na hujua bei ya kitu kwa shilingi na kwa kwacha kabla hajamaliza darasa la saba. Anaona foleni ya malori, madereva wakibishana na mawakala wa forodha, mama yake akipatana bei tangu asubuhi hadi jioni. Hapa kila jambo lina mjadala. Kisha kijana huyo anafika kambini, tuseme Itaka, hapa hapa mkoani Songwe, anakuta filimbi ya alfajiri, mchakamchaka, kwata, na afande asiyepatana bei na mtu. Mmoja wa vijana wetu waliopita JKT alitwambia kwamba kazi ngumu haikumshinda. Kilichomshinda miezi ya mwanzo ni kuamriwa bila kupewa sababu.

Hata hivyo kuna sababu ya kutopewa sababu. Risasi zikilia hakuna nafasi ya maelezo, na mwenye kusimama kuuliza anaweza kumpotezea mwenzake maisha. Ndiyo maana kuruta hufundishwa kuitikia katika mambo madogo, kama kutandika kitanda na kugeuka kulia, ili siku ya jambo kubwa mwili uwe umekwisha kujua. Anayeona hilo ni dharau kwa akili yake hajaelewa kazi anayoiomba.

Akida wa Kapernaumu alilielewa. Anapozungumza na Bwana Yesu katika Mathayo 8 anataja kwanza kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka, ndipo anataja askari walio chini yake. Lakini tusisahau ni mtu wa namna gani. Ofisa wa jeshi la Rumi anakwenda mbele ya watu kumsihi Myahudi kwa ajili ya mtumishi wake mgonjwa. Hakuna mkubwa aliyemtuma, na wenzake huenda walimcheka. Alikuwa mtii kazini, na moyoni alikuwa na uhuru wake. Yesu alistaajabia imani yake wala hakumwambia avue sare.

Taifa letu nalo lina somo lake, tena chungu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakadai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika. Dai lao halikuwa la kipuuzi. Uhuru ulikuwa umetimiza zaidi ya miaka miwili, na bado walioamuru kambini walikuwa wakoloni wa jana. Lakini walidai haki yao kwa bunduki walizokabidhiwa na wananchi. Mjini maduka yaliporwa, watu wakafa, na tarehe 25 Mwalimu Nyerere akalazimika kuona wanajeshi wa Uingereza, aliowaomba mwenyewe, wakiwanyang'anya silaha askari wa nchi huru. Baadaye jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Walioasi walikuwa watu wa msimamo, hatuwezi kuwaita waoga. Yohana Mbatizaji, askari walipomjia kumuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaonya wasidhulumu watu, na waridhike na mishahara yao. Tulipokuwa chuo cha theolojia tuliona neno lile la mshahara ni dogo mno kuwamo katika mahubiri makali vile. Leo tunaona kwamba Yohana alijua mwenye silaha hushawishika wapi kwanza.

Hapa ndipo tulipoanza kuona kwamba swali letu lilikuwa limekaa vibaya. Tulikuwa tukiuliza kama msimamo ni mwingi au kidogo, kumbe tulipaswa kuuliza unasimama kwa ajili ya nani.

Mwangalieni Yoabu, jemadari wa Daudi. Katika jeshi lile hapakuwa na mtu mwenye kichwa kigumu kama yeye. Alimuua Abneri bila mfalme kujua, kwa sababu ya kisasi cha ndugu yake. Alimuua Absalomu ingawa mfalme alikuwa ameagiza mbele ya wote kwamba kijana yule asiguswe. Alimuua Amasa aliyepewa cheo chake. Kwa maneno ya leo, huyu ni mtu wa kujiamulia. Lakini barua ilipofika kutoka Yerusalemu, ikiletwa na mkono wa Uria mwenyewe, ikisema Uria awekwe mahali pa vita vikali kisha aachwe, Yoabu huyohuyo hakuuliza hata neno moja. Alitii. Mtu aliyeweza kumkaidi mfalme mara zote hizo alikuwa mtii siku ile moja ambayo ukaidi ungemwokoa mtu asiye na hatia.

Upande wa pili wamo askari ambao hata majina yao hatuyajui. Sauli aliamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Nobu kwa kosa la kumsaidia Daudi. Habari iko katika 1 Samweli 22. Walinzi wale walizoea kumtii Sauli, walikula chakula chake na kusimama karibu naye kila siku. Siku ile hawakunyoosha mikono. Hawakumgeuzia mfalme silaha zao, wala hawakuomba cheo. Walikataa tu, wakabaki wamesimama. Tusiseme kwamba kukataa kwao kuliokoa mtu, maana Doegi Mwedomi alikuwapo, akaua watu 85. Lakini damu ile haikupita mikononi mwao.

Martin Luther aliulizwa jambo hili na askari mwenyewe, Assa von Kram, na mwaka 1526 akatoa kitabu kizima juu ya kama askari naye aweza kuokolewa. Alijibu kwamba kazi yenyewe yaweza kuwa huduma ya kuwalinda wanyonge, ila mtu anayeifanya ndiye wa kuchunguzwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni ungamo letu, linasema vivyo hivyo: Mkristo anaweza kuwa askari, na atii mamlaka, isipokuwa pale ambapo kutii ni kutenda dhambi. Kuhusu bwana anayeanzisha vita visivyo vya haki, Luther alisema askari akijua kwa hakika kwamba ni dhuluma, amche Mungu na asiende. Asipojua, wala hana njia ya kujua, aendelee kutii.

Sehemu hii ya mwisho hutukosesha raha. Asiyependa kuuliza atabaki hajui siku zote, na kutojua kutamfaa. Kuanzia Agosti 1934 askari wa Ujerumani waliapa kumtii Hitler kwa jina lake, na wengi wao walikuwa wamepata kipaimara katika makanisa ya Kilutheri. Vita vilipokwisha, walioshtakiwa Nuremberg walijitetea kwamba waliamriwa, na mahakama haikukubali kwamba neno hilo linamwondolea mtu hatia. Kanisa lililowafundisha amri ya nne, ya kuheshimu wakubwa, lilikuwa limewafundisha pia amri ya tano, usiue. Walikumbuka ya nne.

Wala mambo haya si ya mbali. Novemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilishambulia kituo cha Waingereza cha Fife, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu, na tarehe 25 likajisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Katika vita vile wapagazi Waafrika wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na magonjwa, na walioshika viboko nyuma yao mara nyingi walikuwa Waafrika wenzao waliotii amri.

Tukamwita binti. Tulimweleza kwanza mambo mawili tuliyokuwa tukiyakumbuka juu yake. La kwanza, mwaka juzi alichelewa mazoezi ya kwaya ya vijana, mwalimu akamkemea, naye akakataa kuomba radhi wiki tatu nzima, kwa sababu tu alikemewa mbele ya watu. La pili, kwaya ilipotoka safari, aliombwa kutia sahihi hesabu ya nauli ambayo haikutumika yote. Aliyemwomba ni baba yake mdogo. Alikataa, akatulia, hakumtangaza kwa watu, akaja kutwambia sisi.

"Ukaidi wako wa kwanza hautafaa kambini," tukamwambia, "na usipouacha hapa utarudishwa nyumbani, tena kwa haki. Huo wa pili utakuwa mzigo kwako, na kuna siku utakugharimu. Nenda nao."

Akauliza atajuaje tofauti, akiwa amechoka, ana njaa, na afande anapiga kelele. Lilikuwa swali zuri, na safari hii hatukumwambia akae. Tulimwambia ajiulize ni nani atakayeumia akitii. Akiona anayeumia ni yeye tu, jina lake au usingizi wake, basi ageuke kulia kama alivyoamriwa. Sheria ya jeshi yenyewe inadai utii kwa amri halali, na amri nyingi sana atakazopewa maishani zitakuwa halali, ndogo, na za kuchosha.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema hajajibiwa bado habari ya Uria. Tukakiri kwamba hatuna jibu, ila tumeona kwamba Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, hakumtaja mama yake Sulemani kwa jina. Alimtaja kuwa ni mke wa Uria. Vizazi vingi vilikuwa vimepita, na Injili ilikuwa bado haijamsahau.

Barua tuliiandika jioni ile. Neno mtii hatukulitia, wala neno mkaidi. Tuliandika kwamba ni mkweli, kwamba tumewahi kumwachia fedha za vijana na hazikupungua, kwamba akikosea huchelewa kukiri lakini hukiri. Mama aliisoma mara mbili, akaomba tuondoe neno "huchelewa". Binti akasema libaki. Aliondoka na basi la alfajiri. Tangu hapo ametuma salamu mara moja, akiuliza kama kwaya imepata mwingine wa sauti ya pili, na kama hesabu ya nauli imefungwa.