SHUKURANI KATIKA BIASHARA

Wako wasemao kwamba katika biashara hapana shukurani: muuzaji ametoa mali, mnunuzi ametoa fedha, kila mmoja amekwisha pata haki yake, basi barua ya shukurani ni ya nini? Neno hili lataka kupimwa, kwani wengi wetu twalifuata kwa vitendo hata kama hatulitamki.

Na tutazame Kyumbi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Tuseme yuko mwenye duka hapo, na tajiri wake yuko Mombasa. Tajiri humpakilia mali katika lori kwa mkopo, bila ya rahani, akamngojea mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya kulipa, mwenye duka hupeleka fedha kwa simu, na simu yenyewe hujibu kwamba zimefika. Deni limekwisha. Lakini je, ule wema wa kuaminiwa na kungojewa nao umelipwa? Fedha zimelipa bei ya mali. Imani haikutiwa katika bei.

Mtume wetu (s.a.w.) alipokopa kwa Abdallah bin Abi Rabia, alimrudishia mali yake, akamwombea baraka, na akafunza kwamba jaza ya mkopeshaji ni kulipwa na kusifiwa. Hayo ni mambo mawili, wala si moja. Na Qur'ani, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, ndani ya Suratul-Baqara, imetuamuru kuandika deni. Ikiwa kalamu twaishika kwa kuchelea kudhulumiana, mbona huwa nzito kwa kutajana kwa wema?

Hata hivyo yatupasa tuchunge mipaka. Shukurani ni ushahidi: hulitaja jambo lililotendwa, wala haizidishi. Barua isifuyo ili ipate mkopo mwingine ni ombi lililovaa kanzu ya shukurani. Na mbaya zaidi ni bahasha apewayo mtumishi wa serikali kwa leseni au zabuni, kisha ikaitwa "ahsante". Mtume alimkemea mtoza zaka aliyerudi akisema hii ni yenu na hii nimepewa mimi. Akauliza, lau angalikaa nyumbani kwa wazazi wake, je, angaliletewa? Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 juu ya rushwa nayo yawatia makosani mtoaji na mpokeaji pia. Mtumishi aliyefanya kazi yake vyema na aandikiwe barua, ambayo aweza kuisoma mbele ya mkubwa wake bila kuona haya.

Kweli, mtenda wema hapaswi kudai sifa. Lakini kutodai kwake hakutuondolei sisi wajibu wetu. Mistari mitatu yatosha: mali ilifika salama, ulinisubiri, Mwenyezi Mungu akubariki. Mtaji haupungui kwa hayo hata senti moja, na aliyetuamini hujua kwamba imani yake haikupotea.