Gofu ni la nani?

Ukitoka Bujumbura kushuka kusini kwa barabara ya ziwa, watalii wanasimama kwanza Mugere. Kuna jiwe kubwa limechongwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871. Wengine wanakuambia eti hapo ndipo walipokutana. Wapi! Walikuwa wameshakutana Ujiji. Mugere walilala usiku mara mbili tu. Ndugu zangu, usiku mara mbili, na jiwe lipo hadi leo.

Mbele ni Gitaza, mlima umebanana na maji. Mwaka 2015 udongo uliporomoka hapo, ukabomoa nyumba na kukata barabara. Mpita njia anasikitika, anaendelea na safari. Huwezi kuupeleka mlima mahakamani.

Shida inaanza Rumonge, kwenye michikichi. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi waliua watu huku, kisha serikali ikaua wengi zaidi, nchi nzima. Waliopona walikimbilia Tanzania na Kongo, na mashamba yao wakapewa wengine. Leo sisi wenye tumezaliwa Ulyankulu na Mishamo tunakwenda asubuhi, jioni tunageuza, tukitazama msingi wa nyumba ya babu kama wageni. Je, ni haki hata kupiga picha?

Maana juu ya msingi ule sasa wanaanika ndagala. Mama mwenye nyumba alizaliwa hapo, na wazazi wake wamezikwa hapo. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilianza kwa kugawanya mashamba kati ya aliyerudi na aliyemkuta. Baadaye ikawa inamrudishia aliyerudi yote. Kila namna, kuna mtu alibaki analia.

Kambini wapo wanaosema na sisi tuweke jiwe letu. Mimi sitaki. Jiwe la Mugere halimsumbui mtu, lakini jiwe uani kwa mama yule litamwita mwizi kila asubuhi, na yeye hakuiba kitu. Ila ile ya "yamepita" pia siikubali. Anayesema yamepita mara nyingi ndiye aliyebaki na michikichi.

Ninachodai ni kidogo, na labda ndicho kigumu zaidi: mtoto wake akimwuliza huu msingi aliujenga nani, amtajie babu kwa jina. Habari ya shamba tutaikalia siku nyingine, na wazee wawepo.