Wajibu kwa Kitu Ambacho Bado ni Kizima

Wahenga wetu walituachia methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeifundisha kwa miaka mingi, na sina ugomvi nayo. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini tutaona kwamba inamhusu mtu ambaye ufa ameshauona. Macho yake yamemwambia, na kilichobaki ni bidii yake au uvivu wake. Swali ninalotaka tulifikirie hapa, ndugu msomaji, ni gumu zaidi. Je, binadamu ana wajibu wowote kwa kitu ambacho bado ni kizima, kisicholalamika wala kuonyesha ufa?

Nitachukua mfano wa gari, maana hapo swali huonekana waziwazi. Tuseme ni Land Rover au Toyota Land Cruiser, yale magari ya magurudumu manne yanayovuta ambayo yamezipeleka ofisi, misheni, shule na hospitali zetu mahali pasipopitika. Kila gari la namna hii huja na kitabu chenye ratiba ya matengenezo. Ratiba hiyo huhesabu kilometa na huhesabu miezi pia, na kinachotangulia ndicho kinachofuatwa. Kwa barabara zetu za vumbi kiangazi na tope masika, mafundi wengi hubadili oili ya injini na chujio lake kila kilometa 5,000, na viungo vya propela shafti hupigwa grisi. Oili ya gia boksi na ya difu hukaa muda mrefu zaidi, lakini gari likivuka mto wenye kina lazima ikaguliwe, kwani maji yakiingia hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Mkanda wa taimingi katika injini nyingi za dizeli hungoja hadi kilometa 100,000 au zaidi. Nao mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata gari likiwa limelala bandani, ndiyo maana huhesabiwa kwa miaka.

Sasa angalia jambo la ajabu. Siku ya kubadili mkanda ule, gari linakwenda vizuri kabisa. Mara nyingi mkanda hukatika bila onyo, na ukikatika huweza kuiharibu injini yote. Mafuta ya breki yaliyochakaa hayapigi kelele. Hungoja mteremko mrefu, yakapata joto, unyevu ukageuka mvuke, na pedali ikazama chini ya mguu wa dereva. Basi anayesema, "Nitalitengeneza nikisikia kasoro," amejiwekea sharti ambalo kitu chenyewe hakiwezi kulitimiza.

Iko sababu nyingine, nayo inahusu tabia yetu. Mtu mwenye safari si hakimu mwema wa gari lake. Akiwa na haraka ya kufika Geita au Magu, kila mlio atauita mdogo. Ratiba iliandikwa na mtu asiye na safari. Hakuwa na mgonjwa, wala mkutano, wala bosi wa kumridhisha. Kuitii ratiba hiyo ni kukubali kwamba leo, nikiwa na haja yangu, sipaswi kuwa shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu wanalijua hili bila kitabu. Huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, taa hazivuti dagaa vizuri, basi wengi hukaa nchi kavu, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi. Mwezi hauulizi kama wavu umechanika. Unafika kwa siku zake, na mwenye kazi anaketi. Sisi wenye magari hatuna mwezi wa kutulazimisha. Tuna tarakimu ndogo mbele ya usukani, na nidhamu yetu.

Lakini nisilifanye jambo hili jepesi kuliko lilivyo. Katika chuo kimoja nilichokiongoza, gari letu lilifikisha kilometa zake wiki ileile ya mazoezi ya kufundisha. Fedha ilitosha sevisi au mafuta ya kuwatembelea walimu wanafunzi mashuleni, si vyote viwili. Dereva akasema gari haliondoki. Mhasibu akajibu kwamba gari linawaka kwa ufunguo mmoja, na watoto wa watu wanangoja kukaguliwa. Wote wawili walikuwa na haki. Niliamua gari lihudumiwe, wakufunzi wapande mabasi kwenda shule za barabarani, na shule za mbali zingoje mgawo mwingine wa fedha. Wapo walimu wanafunzi waliokaguliwa mara chache kuliko walivyostahili, na hiyo ilikuwa hasara ya kweli. Niliipima kwa kukumbuka kwamba gari lilelile ndilo lililobeba wanafunzi wagonjwa usiku.

Baadaye mhasibu aliniuliza nitathibitishaje kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nilimjibu kwamba siwezi. Gari halikuharibika, na pengine lisingeharibika. Hapa ndipo penye uzito wa swali letu: tunda la matunzo ni kwamba hakuna kilichotokea. Anayeokoa gari mtoni hupigiwa makofi. Aliyelipiga grisi mwezi uliopita hana hadithi ya kusimulia. Wema wa namna hii hauna shahidi, na kwa sababu hiyo jamii huulipa kidogo.

Je, ratiba haivunjwi kamwe? Huvunjwa. Mama mwenye uchungu wa uzazi hasubiri oili mpya. Gari ni la watu, si watu wa gari. Ila deni hilo liandikwe na lilipwe kesho yake, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na tujihadhari: dharura haina desturi ya kuja kila wiki. Ile inayokuja kila wiki ni uzembe uliovaa nguo za dharura.

Mwisho, tumtazame anayefaidika. Mwaka 1916, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf Goetzen katika Ziwa Tanganyika isitekwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo ingali ya kufaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba, ikasafirisha watu wetu kwa miongo mingi. Mafundi wale waliitunza meli ambayo wao hawakuipanda tena.

Gari la umma ni hivyohivyo. Anayeruka sevisi leo huenda akahamishwa kabla gharama haijafika; atakayesimama porini usiku ni mrithi wake, ambaye hakumkosea lolote. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wajibu huo upo, ila chuma chenyewe hakitudai kitu. Tunadaiwa na yule atakayeshika usukani baada yetu, na hatuna haki ya kumkabidhi funguo pamoja na deni tulilomficha.