Wema wa Maiti ni wa Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Twataka kunena katika karatasi hizi chache juu ya jambo lizukalo kila afapo mtu aliyependwa, nalo ni hili: mtu mwema akiisha kufa, wema wake huwa wa nani? Sisi tuliozoea kufaidika nao, je, twaweza kuutegemea hata baada ya kuzikwa kwake, tukasema, "Fulani angaliridhika," au mlango ule umekwisha fungwa?

Msomaji asidhani kuwa hili ni swali la kuchezea akili barazani. Ndani yake mna mali ya mayatima, nayo Mwenyezi Mungu amekwisha kutuonya juu yake katika Sura ya Wanawake kwa onyo lisilohitaji mfasiri.

Mtaa wowote wa pwani yetu hii, tangu Lamu hata Kilwa, haukosi mtu wa namna ninayoitaja. Si mwanachuoni, wala si tajiri, wala jina lake halitajwi mbele ya wakubwa. Ni fundi. Mlango ukitoka bawaba huitwa yeye. Kitanda kikivunjika tendegu huitwa yeye. Paa la mjane likivuja, yeye hupanda asubuhi kabla jua halijawa kali, na akishuka hunywa kikombe kimoja cha kahawa akaenda zake. Chuoni kwetu alikuwako mmoja wa watu hawa. Marufaa walizosomea watoto kwa muda wa miaka mingi zilipita mikononi mwake, na kila mwezi wa Shaabani alikuja na vyombo vyake pasipo kuitwa, akazitazama moja moja, iliyopasuka akaitengeneza. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na nyumbani kwake alikuwa vivyo hivyo. Alichota maji, alishona viatu vya wanawe, alipepeta mchele mkewe akiwa mgonjwa, na mfukoni mwake hakikosekani kipande cha mti alichokuwa akikichonga kiwe pia ya watoto. Wenziwe barazani walimcheka, wakisema mwanamume haingii jikoni. Naye alicheka pamoja nao, kisha akaenda jikoni.

Hao waliomcheka laiti wangalisoma. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, hata wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Haya yamo katika Sahihi ya Bukhari, na katika mapokezi ya Imamu Ahmad yametajwa kushona nguo na kutengeneza viatu. Nabii Zakaria alikuwa seremala, na Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mkono wake. Basi mwenye kuudharau mkono wenye sugu na ajue anamdharau nani. Sitalirefusha hili, mwenye akili limemtosha.

Mtu kama huyu akifa, mji hujaa sifa zake. Kumsifu si kosa. Lilipita jeneza mbele ya Mtume, watu wakalisifu kwa heri, akasema kwamba imewajibika. Likapita jingine, wakalitaja kwa shari, akasema vilevile. Sayyidna Umar alipouliza maana yake, akaelezwa kwamba wa kwanza imemwajibikia Pepo na wa pili Moto, kwa kuwa waumini ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Kumbe basi sifa ya maiti ni ushahidi, na shahidi hasemi ila alijualo. Abdallah bin Rawaha aliwahi kuugua akazimia, na dada yake akawa analia na kumpamba kwa maneno, akimwita mlima na mfano wa hayo. Alipozindukana alimweleza dada yake kwamba kila neno alilolisema, yeye aliulizwa kama kweli ndivyo alivyo. Na siku alipokufa, dada yake hakumlilia. Fundi wetu hakuwa mlima. Alitengeneza milango ya watu na hakumvunja mtu moyo, na hilo latosha kushuhudiwa.

Huyo Abdallah bin Rawaha aliuawa katika vita vya Muta, nchi ya Sham, mwaka wa 8 wa Hijra, nao ni mwaka 629 wa Miladia. Katika vita hivyo hivyo aliuawa Jaafar bin Abi Talib, na habari yake yatufaa sana hapa, maana alikuwa mtu wa wema huu huu tunaousema. Abu Huraira amesimulia kwamba hapakuwa na mtu bora kwa maskini kuliko Jaafar: aliwachukua kwake akawalisha kilichokuwamo nyumbani, na siku ambayo hapakuwa na kitu aliwatolea kiriba cha samli kisicho kitu, wakakipasua wakalamba kilichogandamana ndani. Habari ya kuuawa kwake ilipofika Madina, Mtume alikwenda nyumbani kwa mkewe, Asma binti Umais, akataka aletewe watoto, akawakumbatia na kuwanusa, na macho yake yakatoka machozi. Kisha akawaamuru watu wake wawapikie chakula watu wa Jaafar, kwa kuwa yamewafika ya kuwashughulisha. Baada ya siku tatu akawazuia watu kumlilia, akamwita kinyozi akawanyoa watoto vichwa, na Asma alipotaja uyatima wao, akamwambia asiwaogopee ufukara, maana walii wao ni yeye.

Tazama jinsi alivyokumbukwa. Yeye aliyekuwa akilisha watu, watu waliwalisha walio wake.

Sasa tujitazame sisi. Akifa mtu mkarimu twajazana nyumbani kwake siku tatu, tena siku ya arubaini, na masufuria yako juu ya moto, na mchele umekopwa dukani kwa jina la mjane. Mtu akiuliza, huambiwa, "Marehemu alipenda wageni." Ni kweli, aliwapenda, lakini aliwakaribisha kwa mali yake, na tangu roho ilipotoka mali ile si yake tena. Imamu Shafii amependekeza majirani ndio wawapikie watu wa nyumba ya maiti chakula cha kuwashibisha mchana wao na usiku wao. Na Imamu Nawawi amenukuu kwamba kupika watu wa maiti na kuwakusanyia watu ni uzushi usiopendeza. Hayo ni pale ambapo warithi wote ni watu wazima na wameridhia. Ama wakiwamo watoto, kukitoa chakula hicho katika fungu lao ni haramu, hata kama msomaji wa hitima ni mwanachuoni mkubwa na sauti yake ni nzuri.

Lakini liko jambo lililofichikana kuliko chakula, nalo ndilo lililonitia kuandika. Fundi mwenye huruma aghalabu hafi ila ana haki zake kwa watu. Alitengeneza dirisha la huyu, akaambiwa, "Ngoja mwisho wa mwezi." Alichonga mlango wa yule, akaambiwa, "Wewe fanya tu, hatutakosana." Miezi ikapita, naye akaona haya kudai. Akiisha kuzikwa, mwenye dirisha na mwenye mlango husema nafsini mwao, "Yule alikuwa mtu mwema, bila shaka amenisamehe."

Ndugu yangu, amekusamehe lini? Ikiwa alitamka akiwa na afya yake, deni limeondoka, na umshukuru Mungu. Ikiwa alitamka katika maradhi ya kufa kwake, msamaha huo wahesabiwa katika thuluthi ya mali yake kama wasia. Ama ikiwa hakutamka, ila alinyamaza, basi kaida ya Imamu wetu Shafii ni mashuhuri, kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi neno. Kunyamaza kwa mwenye haya si kusamehe. Na deni lile leo ni la mjane na wanawe. Mtoto mdogo hana msamaha wa kutoa, wala walii wake hana ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake.

Hapa yataka tupambanue, ili tusiwadhulumu wadaiwa nao. Kazi ambayo ujira wake ulitajwa ni deni kwa kiasi kilichotajwa. Kazi iliyoambiwa "hatutakosana" au "nitakuridhisha" ina ujira wa mfano, yaani ule wapewao mafundi wengine kwa kazi kama hiyo. Ama kazi aliyoifanya pasipo ujira kutajwa kwa wazi wala kwa dokezo, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ni kwamba hana ujira. Marufaa za chuoni na paa la mjane zimo katika fungu hili, nazo twatumai ni sadaka yake yeye mwenyewe. Lakini katika Minhaji hiyo hiyo imetajwa kauli nyingine, kwamba aliyejulikana kuwa kazi ile ndiyo chumo lake, ana ujira. Na Imamu ameashiria kwamba wako walioipenda. Basi mwenye uwezo akiitenda kauli hii kwa mayatima, ametoka katika shaka.

Na mwenye kulipa ajue pa kulipa. Fungu la watoto wadogo hukabidhiwa babu yao mzaa baba akiwapo, na asipokuwapo, wasii aliyewekwa na marehemu, na asipokuwapo wasii, kadhi. Kumtilia mama mkononi fedha yote, naye si wasii, hakumtoi mtu katika haki ya watoto, ijapokuwa nia yake ni njema.

Niliulizwa pia juu ya vyombo vya kazi. Mwana mkubwa huchukua sanduku la babake lilivyo, akasema ni ukumbusho, na watu wakamhurumia. Sanduku la fundi ni mali, pengine ndiyo mali kubwa aliyoiacha baada ya nyumba. Baada ya kutolewa gharama za maziko na madeni na wasia, mjane ana thumni ndani yake, na binti ana nusu ya fungu la nduguye mwanamume, ijapokuwa hajui kushika nyundo. Warithi wakiwa wote ni wazima wakamwachia kwa radhi, ni vyema. Akiwamo mdogo, na waitwe mafundi wawili wajuzi wavithamini vyombo kimoja kimoja, msumeno, randa, tezo, patasi na kekee. Kisha akipendacho yule mwana kiingie katika fungu lake kwa bei hiyo, na kilichozidi akitolee fedha.